Mnunuzi Asiyechoka

Mvua ya alasiri, ile ambayo Kisii haikosi, ilinikuta Nyanchwa chumbani mwa mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo. Mabati yalipiga kelele kiasi kwamba hatukuweza kuzungumza bila kupaza sauti, basi tukawa tunatazama laptopu yake. Kwenye skrini mwanamke mmoja alikuwa amesimama katikati ya kiwanja kitupu. Hakuwa na kitanda, choo wala sufuria. Pale panapoonyesha pesa za nyumba paliandikwa sifuri.

"Mjomba, wewe ungeanza na nini?" akaniuliza.

Nikamwambia ningemtafutia kazi. Akacheka, si kwa dharau, bali kama mtu aliyewahi kutumbukia shimo hilohilo. "Ukimpeleka kazini leo, mjomba, umemmaliza."

Jibu hilo lilinikaa. Soma kwa bidii upate kazi: huo ndio wosia ambao karibu kila mzazi wa Gusii humwachia mtoto. Imekuwaje wosia huo uwe kosa katika gemu inayodai kuigiza maisha? Nilikaa naye siku kadhaa nikifuatilia mbinu zake za kutafuta pesa, moja baada ya nyingine, nikitaka kuelewa kwa nini kila moja inafanya kazi. Nilichogundua ni kwamba mbinu zote zinaegemea nguzo moja ambayo gemu haiitaji kwa jina, na nguzo hiyo ndiyo isiyopatikana hapa kwetu.

Gemu na masharti yake

Gemu yenyewe ni The Sims 4. Mfululizo wa The Sims ulianza Februari 2000, ukiwa kazi ya Will Wright, Mmarekani aliyekuwa ameshajipatia jina kwa SimCity, gemu ya kujenga miji iliyotoka mwaka 1989. Wright aliunguliwa nyumba katika moto mkubwa uliokumba milima ya Oakland, California, Oktoba 1991. Kazi ya kununua upya kila kitu cha nyumbani, kuanzia kijiko hadi kitanda, ndiyo iliyochangia kumtia wazo la gemu hii. Kwa hiyo swali la mpwa wangu, kwamba mtu asiye na kitu aanze na nini, limo katika mizizi ya mchezo huu.

Toleo la nne lilitoka Septemba 2014 chini ya Electronic Arts, na tangu Oktoba 2022 sehemu yake ya msingi hutolewa bila malipo. Ndiyo sababu mwanafunzi wa Nyanchwa anaweza kuicheza. Kinachomgharimu ni bando la kuipakua na tokeni za umeme. Mchezaji humuumba mhusika, humpa tabia na makao, kisha humwongoza siku baada ya siku. Mhusika ana mahitaji sita yanayopanda na kushuka: chakula, usingizi, choo, usafi, burudani na mazungumzo na watu. Fedha yao inaitwa Simoleon. Kwa kawaida mhusika anayeanza peke yake hupewa Simoleon 20,000, na yapo maneno ya siri, maarufu likiwa motherlode, ambayo ukiyaandika unaongezewa 50,000 papo hapo.

Pesa zikiwa rahisi hivyo, utamu hauchukui muda kuisha. Wachezaji wenyewe wakajibunia masharti, na ndipo zikazaliwa changamoto, au chalenji kama vijana wasemavyo. Mojawapo huitwa Rags to Riches, yaani kutoka ufukara hadi utajiri. Unachukua kiwanja kitupu, unafuta pesa zote zilizobaki, unajikataza maneno ya siri, kisha unajenga maisha kutoka sifuri. Mwaka 2021 watengenezaji nao waliingiza ndani ya gemu changamoto ya aina hiyo, ambapo mhusika asiye na kitu anatakiwa kufikisha Simoleon milioni moja.

Hapo ndipo mwanamke wa mpwa wangu alipokuwa amesimama.

Siku ya kwanza

Ukimtazama mtu asiye na hela, unadhani kinachombana ni hela. Katika gemu hii kinachombana zaidi ni saa. Sekunde moja yetu ni dakika moja yake, kwa hiyo siku yake nzima inapita kwa dakika 24 zetu. Ndani ya muda huo anahitaji kula, kulala, kuoga na kujisaidia, na kwa kuwa hana kitanda wala bafu, kila hitaji linamgharimu safari.

Sasa mwandikishe kazi. Ajira itameza sehemu kubwa ya mchana wake. Mshahara wa ngazi ya chini ni mdogo, na kupandishwa cheo kunategemea afike kazini akiwa na hisia inayofaa kazi hiyo na awe anajifunza ujuzi fulani nyumbani. Mtu aliyelala kwenye benchi na hajaoga hafiki kazini na hisia hiyo. Akirudi, saa zilizobaki zinaishia kutafuta pa kuoga na pa kulala. Ujuzi haujifunzi, cheo hakipandi, na wiki inakwisha akiwa palepale. Huo ndio mtego: mshahara unazinunua saa zake kwa bei ya chini, wakati saa ndizo mali pekee aliyo nayo.

Wazoefu hufanya vingine. Miji ya gemu hii imejaa vitu vya umma visivyolipiwa. Maktaba ina kompyuta. Jumba la mazoezi lina bafu. Bustani ya umma ina benchi za kusinzia. Kando ya njia kuna mimea isiyo na mwenyewe, mawe yanayochimbwa yakatoa madini, magogo yanayoficha vyura, na maji yenye samaki. Yote hayo yanauzika. Mwanamke wetu alishinda siku ya kwanza akichuma, akichimba na kuvua. Njaa ilipomshika alikula matunda yaleyale aliyochuma. Jioni alioga kwenye jumba la mazoezi kama mwanachama. Usiku ulipoingia alikuwa na mamia ya Simoleon, na hakuna mtu aliyemwamrisha lolote.

Mtu yeyote aliyefika mji wa Kisii mikono mitupu anaujua mpango huu. Huanzi kwa kusambaza wasifu wako maofisini. Unaanza kwa kubeba mizigo sokoni Daraja Mbili, kwa sababu mzigo wa asubuhi unalipa chakula cha mchana. Fedha ya kwanza lazima iwe ya leo kwa leo.

Bustani inayofanya kazi ukilala

Kosa la pili la mgeni ni kuuza kila alichochuma. Mpwa wangu hakuuza yote. Kila aina ya tunda aliacha moja au mawili akayazika kwenye kiwanja chake, kwani katika gemu hii tunda lenyewe ndiyo mbegu. Wiki ya kwanza ilipofikia katikati, palikuwa na vitunguu, nyanya, stroberi na maua kadhaa. Katika orodha ya mimea ya gemu zimo hata ndizi za kupika, jambo lililonifanya nihisi nipo nyumbani.

Kwa nini bustani ishinde kuchuma porini? Kwa sababu mmea unakua mwenyewe akiwa amelala. Kwa mara ya kwanza mwanamke huyu anapata kipato ambacho hakilingani moja kwa moja na saa za kusimama kwake. Yeye anamwagilia, anapalilia na kufukuza wadudu. Kazi iliyobaki inafanywa na wakati.

Hapa ndipo penye hesabu inayohitaji utulivu. Tuseme ana mimea kumi, kila mmoja unatoa matunda sita, na tunda moja linauzwa Simoleon tano. Mvuno mmoja ni 300. Akitaka 600 ana njia mbili. Ya kwanza ni kupanda mimea mingine kumi. Pato litaongezeka maradufu, lakini na saa za kumwagilia zitaongezeka maradufu. Ya pili ni kupandisha ubora: mimea ya gemu hii ina madaraja, kutoka wa kawaida hadi usio na dosari, na hupanda daraja kwa kutunzwa na kutiwa mbolea, samaki wakiwa mojawapo ya mbolea hizo. Tunda likifikia bei ya Simoleon kumi, mimea ileile kumi inaleta 600 ileile, na ndoo za maji ni zilezile. Kiwanja hakikupanuka na saa hazikuongezeka.

Njia hiyo ya pili ina ngazi ya juu zaidi. Mhusika akifikia kiwango cha tano cha ujuzi wa bustani, anaruhusiwa kupandikiza tawi la mmea mmoja kwenye shina la mwingine. Ukipandikiza ua la snapdragon kwenye stroberi, shina linaanza kutoa tunda la joka, ambalo bei yake inaiacha stroberi mbali sana. Wachezaji wengi wa chalenji hii hulikimbilia tunda hilo kama watu waliosikia kuna dhahabu.

Nilipomweleza dada yangu, mama yake kijana, hakushangaa hata kidogo. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, wastani wa watu 957 katika kila kilomita moja ya mraba. Hapa hakuna anayefikiria kupanua shamba. Majirani wameshafika mpakani pande zote nne. Ndiyo maana watu wanakata parachichi la kienyeji na kupandikiza Hass. Gemu iliifikia hekima hiyo kwa kubanwa na saa, sisi tuliifikia kwa kubanwa na udongo.

Kutoka shambani hadi kwenye fani

Bustani nayo ina dari yake. Mimea ikifika ishirini, asubuhi nzima inakwenda kwa kumwagilia. Saa zinabana tena, na hapo ndipo wazoefu wanapogeukia kazi za ujuzi: uchoraji na uandishi.

Uchoraji unahitaji mtaji mdogo wa kununua kiegemeo cha kuchoria, na kila picha ina gharama ya vifaa vyake. Picha za mwanzo zinauzwa bei ya kutupa. Lakini ujuzi ukipanda, picha moja inaweza kuzidi mavuno ya siku nzima, hasa ikichorwa mhusika akiwa na msukumo wa kisanii, hali ambayo gemu huihesabu kama mojawapo ya hisia zake. Uandishi hauhitaji hata mtaji huo, kwani kompyuta ya maktaba ni ya bure. Kitabu kinachukua saa nyingi kumalizika, ila kikishachapishwa kinaleta mrabaha kila siku kwa kipindi fulani. Mwenye vitabu vitano sokoni anaamka na kukuta hela imeingia kabla hajanawa uso.

Mkulima wa chai wa Nyamira angeutambua mpangilio huu upesi. Yeye hupeleka majani kituoni leo, kiwanda kilicho chini ya wakala wa chai, KTDA, kinamlipa malipo ya kila mwezi kwa kilo, na baadaye, chai ikishauzwa na hesabu za mwaka kufungwa, inakuja bonasi. Kazi ya leo inalipa mara mbili, leo kidogo na kesho zaidi. Tofauti ni kwamba mrabaha wa gemu haujui mnada. Bonasi ya mkulima inapita kwanza Mombasa, ambako chai ya Kenya hupigwa mnada mbele ya wanunuzi wa nje, kisha inapita kwenye gharama za kiwanda, na ndipo inamfikia. Mwaka mmoja huleta ng'ombe, mwingine huleta manung'uniko. Mwandishi wa kwenye skrini hajawahi kusikia kwamba wasomaji mwaka huu wamepungua.

Kitanda kabla ya ukuta

Kupata ni nusu ya mbinu. Nusu nyingine ni mpangilio wa kutumia. Mgeni akishika Simoleon elfu moja za kwanza hujenga ukuta na paa, kwa sababu macho yetu yanamwona mtu asiye na nyumba kuwa amedhalilika. Mpwa wangu alinunua kitanda, akakiweka nje, chini ya nyota.

Sababu ni hesabu ileile ya saa. Kitanda duni kinarudisha nguvu polepole, kizuri kinazirudisha upesi. Akipunguziwa hata saa mbili za kulala kila usiku, kwa siku saba amepata saa kumi na nne, ambazo ni kama siku nyingine nzima ya kazi. Hakuna ukuta unaomlipa hivyo.

Isitoshe, bili huja kila wiki, na msingi wa hesabu yake ni thamani ya nyumba na vilivyomo. Kila zulia na kila taa ya urembo inaongeza deni. Ukichelewa kulipa unakatiwa umeme, kisha maji. Ndiyo maana wenye uzoefu wanabaki maskini machoni pa majirani muda mrefu baada ya kuwa na hela. Wananunua vitu vinavyookoa saa kwanza, vinavyopendeza vinasubiri.

Nguzo isiyotajwa

Kufikia hapa nilikuwa nimeridhika kwamba gemu hii ni mwalimu mzuri. Kisha jioni moja nikamwona kijana akiuza mavuno.

Mwanamke wake alikuwa ameshika matunda mengi mno, tuseme zaidi ya mia. Ilikuwa usiku wa manane kwenye dunia yake. Kijana akabonyeza mara moja, matunda yakayeyuka, na hesabu ya pesa ikaruka juu. Hakukuwa na soko, gari, gunia, dalali wala ushuru wa kaunti. Tunda la mia moja lililipwa sawasawa na tunda la kwanza. Kesho yake akauza mengine mia, bei ikawa ileile.

"Nani ananunua?" nikamuuliza.

Akanyamaza kidogo. "Hakuna mtu, mjomba. Inauzika tu."

Hiyo ndiyo nguzo. Nyuma ya gemu amesimama mnunuzi asiyeonekana, asiyelala, asiyeshiba na asiyepunguza bei. Rudi nyuma uangalie kila mbinu niliyoieleza, utamwona. Kuchuma porini kunafaa kwa sababu yeye hununua hata vyura. Kupanda aina moja tu ya tunda ghali kunafaa kwa sababu halimkinaishi. Kuchora picha tatu kwa siku kunafaa kwa sababu kuta zake hazijai. Mchezaji hahangaiki na soko, anahangaika na uzalishaji pekee, na ndipo hesabu za saa zinapokuwa ndizo hesabu zote.

Linganisha na Daraja Mbili msimu wa parachichi ukikolea. Kila boma lina mti, na miti imeiva pamoja kwa kuwa mvua iliinyeshea yote siku ileile. Tunda halisubiri, usipoliuza wiki hii litakuwa chakula cha ng'ombe. Dalali anayajua hayo yote kabla hajashuka kwenye pikapu yake. Hapo bei haitoki kwenye ubora wa tunda wala jasho la mkulima. Inatoka kwenye idadi ya watu wanaouza kitu kilekile asubuhi ileile, na uchache wa wanaonunua. Mkulima aliyeongeza mavuno maradufu anaweza kurudi na hela ileile ya mwaka jana, kwa sababu na jirani zake waliongeza maradufu.

Au nenda Tabaka, Mugirango Kusini, kwenye mawe laini ya Kisii. Tazama fundi anavyoanza: bonge la jiwe linakatwa kwa panga na msumeno, umbo linatolewa kwa kisu, kisha linapelekwa kwa kina mama wanaolisugua kwa msasa na maji katika beseni, mara ya kwanza kwa msasa mkali, ya mwisho kwa laini, mpaka vumbi jeupe likiisha kutoka jiwe linang'aa kama yai lililomenywa. Mikono kadhaa imepita pale. Ujuzi huo, ungekuwa kwenye gemu, ungekuwa umefika kiwango cha kumi. Lakini kiboko mdogo wa jiwe hauziki kwa kubonyeza. Anasubiri mchuuzi wa Nairobi au Mombasa, anayesubiri mtalii, anayesubiri nauli ya ndege ishuke. Watu wa Tabaka hawakosi ujuzi wala ubora. Kinachowabana ni yule wa kununua.

Basi nikaelewa kwa nini wosia wetu wa "tafuta kazi" unaonekana upumbavu ndani ya gemu. Mshahara, pamoja na udogo wake, ni bei isiyoshuka kwa sababu majirani nao wamefanya kazi leo. Mwalimu wa shule ya msingi analipwa kiasi kilekile mwezi ambao parachichi zimejaa na mwezi ambao hazipo. Wazazi wetu waliokauka koo kwa kutusomesha walikuwa wanatutafutia mnunuzi asiyechoka, na waliyemwona kwa macho yao alikuwa mwajiri. Katika gemu kila mtu ameshapewa mnunuzi huyo, kwa hiyo ajira haina cha kuongeza.

Mrithi mmoja

Kuna jambo jingine ambalo gemu inalifuta, nalo linaonekana vizuri katika chalenji ndefu zaidi, inayoitwa Legacy, iliyobuniwa na mchezaji anayejulikana kama Pinstar. Mwanzilishi anaanza na kiwanja kikubwa na pesa kiduchu, na ukoo unatakiwa kufika vizazi kumi. Masharti yake yana sheria za urithi ambazo mchezaji huzichagua: kama mrithi atakuwa wa kike au wa kiume, kifungua mimba au mwingine. Lakini sheria zote zinakubaliana juu ya kitu kimoja, kwamba katika kila kizazi mrithi ni mmoja. Ndugu zake wanahama, na ukoo unasonga mbele na kiwanja kizima.

Kwa masharti hayo utajiri ni suala la subira tu. Bustani aliyoianza bibi inakabidhiwa mjukuu bila kukatwa mpaka. Sasa weka desturi ya Gusii, ambapo kila mwana hupewa sehemu ya shamba la baba. Ekari mbili kwa wana wanne ni nusu ekari kila mmoja. Kila mmoja akipata wana wanne, ni moja ya nane ya ekari. Kizazi cha tatu tayari kinapima kwa futi. Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika mwaka 1981 haibagui mtoto wa kike na wa kiume, na hilo ni haki, ila haki haiongezi udongo. Hakuna mzazi hapa anayeweza kuwaambia watoto watatu wahame mikono mitupu ili mmoja atajirike, na jamii inayofanya hivyo si jamii ambayo ningetaka kuishi ndani yake. Lakini gharama ya kukataa hilo ndiyo hii tunayoilipa: kila kizazi kinaanza upya karibu na sifuri.

Gemu pia haina simu ya saa kumi na moja alfajiri. Hakuna anayemwambia yule mwanamke kwamba binamu amelazwa, kwamba kuna mchango wa mazishi, kwamba mtoto wa jirani amerudishwa nyumbani kwa karo. Wachezaji wa kwetu hucheka na kusema kwamba ndiyo maana anatajirika. Ni kweli, lakini nusu tu. Kwa upande wa pili, siku ya kwanza, mwanamke yule alipolala kwenye benchi peke yake, hakuna shangazi aliyemwita ndani, hakuna chama kilichompa mzunguko wake mapema. Wanaotuomba ndio hao hao wanaotuokoa.

Sheria ya Daraja Mbili

Wazo la mwisho halikuwa langu. Baada ya mazungumzo yale juu ya mnunuzi, kijana alikaa kimya jioni nzima, kisha akaniambia amejiongezea sharti. Akiuza zaidi ya kumi ya kitu cha aina moja katika siku moja, yanayozidi anajihesabia nusu bei. Yakizidi ishirini, robo. Gemu haina utaratibu huo, lakini ipo amri inayokuwezesha kuandika upya kiasi cha pesa za nyumba, ileile waitumiayo kufuta pesa mwanzoni mwa chalenji. Kila baada ya kuuza alifanya hesabu kwenye daftari, kisha akajipunguzia mwenyewe. Akaliita sharti lile Sheria ya Daraja Mbili.

Alianza upya na mwanamke mwingine, kiwanja kitupu, sifuri. Nilipomtembelea tena, bustani haikuwa ile niliyoizoea. Ile safu ndefu ya matunda ya joka haikuwepo. Palikuwa na mimea ya aina nyingi, michache michache, iliyochanganyika kama shamba la nyuma ya nyumba ya mama yake, ambako mboga za chinsaga na rinagu huota katikati ya migomba na mahindi yanapanda hadi ukingo wa njia. Uchoraji ulianza mapema zaidi, kwa kuwa bustani peke yake haikutosha tena. Alikuwa akivua, akiandika, akichimba madini, kila kimoja kidogo. Utajiri ulikuja polepole zaidi, na mara mbili alikatiwa umeme.

Kwa miaka mingi nimesikia wataalamu wakiwauliza wakulima wetu kwa nini wanachanganya mazao kumi kwenye robo ekari badala ya kubobea katika moja. Nimesikia pia jibu la haraka, kwamba ni mazoea ya kale. Kijana wa miaka ishirini, ambaye hajawahi kupata shamba lake, alibadilisha sharti moja tu la soko na mikono yake ikapanda shamba la bibi yake bila kuambiwa.

Ilikuwa Ijumaa, jua likikaribia kutua, na Nyanchwa, ambako Waadventista walijenga misheni yao mwanzoni mwa karne iliyopita, palikuwa pameanza kunyamaza kwa ajili ya Sabato. Akahifadhi mchezo wake na kufunga laptopu. Ukiifunga, dunia ile husimama. Mmea haukui na bili haiji. Simu yake ikalia. Alikuwa mama yake, akimwambia kwamba dalali wa ndizi amepita, ametaja bei, naye amekataa.

"Umefanya vizuri, mama," akasema, kisha akanigeukia akiwa bado na simu sikioni. "Mjomba, wewe unamjua mnunuzi mwingine?"